Siku ya mtoto si chenji ya safari ya mzigo

Kila shule zinapofungwa, mabasi yanayovuka mipaka hubadilika sura. Viti ambavyo wiki moja kabla vilikuwa na wafanyabiashara wanaosinzia na pochi kifuani, sasa vina watoto: mmoja dirishani, mwingine mapajani mwa mama, wa tatu juu ya ndoo iliyogeuzwa katikati ya njia. Hali ni hiyo kwa basi la Kampala kwenda Nairobi kupitia Busia au Malaba, la Nairobi kwenda Dar es Salaam kupitia Namanga, na la Kigali linalopita Rusumo. Mama anafuata mzigo, baba anafuata deni lake, na mtoto ameahidiwa bembea.

Ahadi hiyo si ndogo. Anayefanya biashara ya kuvuka mpaka ni mzazi wa kwenye simu sehemu kubwa ya mwaka. Anaondoka watoto wamelala, anarudi wako shuleni, na katikati analea kwa salamu za usiku na fedha za matumizi anazomtumia bibi au dada wa kazi. Likizo inapofika, bembea inakuwa deni. Wengi hulilipa, na wanastahili sifa kwa hilo. Tatizo ni jinsi linavyolipwa: mwisho wa safari, kwa muda uliobaki na fedha zilizobaki, kama chenji.

Anayeijua Kariakoo anaijua ratiba. Siku ya kwanza ni ya kuulizia bei, ya pili ya kununua, ya tatu ya kufunga marobota na kutafuta gari. Muda wote huo mtoto wa miaka minne amekaa juu ya robota katika Mtaa wa Kongo, anapewa juisi na biskuti ili anyamaze, anasukumwa na mikokoteni, anaambiwa "tukimaliza hapa tunakwenda". Mzigo unakabidhiwa kwa wakala saa tisa alasiri. Ndipo familia inapanda bajaji kuelekea Kunduchi, takriban kilomita 20 kaskazini mwa jiji, kwenye mitelezo ya maji ya Wet 'n' Wild. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo haina huruma na mtu. Wanafika jua limeshalegea, wahudumu wameanza kutazama saa, na mtoto amelala fofofo begani. Anaamshwa ili afurahi. Analia.

Nairobi mambo ni yale yale, majina tu ndiyo yanayobadilika. Asubuhi ni Eastleigh au Gikomba, mchana ni kufunga mzigo na kuupeleka kwenye basi la usiku, na alasiri ni safari ya kuvuka jiji kwenda Two Rivers, barabara ya Limuru, ambako gurudumu kubwa huonekana kutoka mbali. Mzazi anatoka huko akiwa na picha tatu za simu na hasira ya kutosha mwezi mzima. Akirudi nyumbani anawaambia wenzake kwamba zile bustani ni wizi mtupu.

Baadhi ya bustani zina lawama, na zitatajwa hapa chini. Lakini kosa la kwanza ni la mpangilio, na mfanyabiashara angelitambua mara moja kama lingekuwa la biashara. Hakuna anayenunua nyanya jioni, baada ya wengine kuchagua siku nzima, kisha akalalamika kwamba zimepondeka. Siku ya mtoto ama iwekwe mwanzoni mwa safari, kabla mzazi hajaingia sokoni, ama iachwe hadi safari nyingine isiyo na mzigo.

Walt Disney, Mmarekani ambaye bustani yake ya Disneyland ilifunguliwa California Julai 1955 na kuwa mfano wa bustani nyingi duniani, alieleza mwenyewe kwamba wazo lilimjia siku alizokuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye farasi wa kuzunguka wa Griffith Park, mjini Los Angeles. Watoto walikuwa wakizunguka, yeye ameketi kwenye benchi akitafuna karanga, akawa anajiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi na mtoto wanaburudika pamoja. Leo, miaka 70 baadaye, mzazi wa kwetu bado yuko kwenye benchi. Tofauti ni kwamba karanga zimegeuka simu.

Wala si kwamba ukanda huu ulisubiri kufundishwa. Siku za Idd, uwanja wa Makadara mjini Mombasa na Mnazi Mmoja kule Unguja hujaa bembea, vyakula na watoto waliovaa nguo mpya. Maonyesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam, ambayo wafanyabiashara wa nchi jirani huyajua kwa mabanda na oda zake, nayo huwa na kona ya watoto. Huko mzazi huiona bembea kwa macho, humwona anayeizungusha, kisha hulipia mzunguko mmoja. Akiona mtoto ameogopa, hapotezi zaidi ya mzunguko huo. Bustani za kisasa zimeleta ukuta, geti na tiketi ya siku nzima: mzazi hulipa kwanza, akaona baadaye.

Kitu anachokiona baadaye mara nyingi ni rula. Imechorwa ukutani au kwenye kibao chenye umbo la twiga, mlangoni mwa kila mashine, na mtoto asiyeufikia mstari haruhusiwi kupanda.

"Mama, huyu hafiki," anasema kijana wa mashine, kiganja kikiwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Sasa kaka, si mngeniambia pale getini kabla sijalipa?"

"Pale ni watu wa tiketi, mama. Mimi ni wa mashine."

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa nyumbani kabla ya kukata tiketi ya basi. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani wa miaka mitatu ana urefu wa karibu sentimita 95. Wa miaka mitano ana karibu 110. Sentimita 120, ambayo ni mstari wa kawaida kwa mashine nyingi za kasi, hufikiwa na mtoto wa wastani akiwa na miaka saba hivi. Kwa hiyo mzazi wa watoto watatu wenye miaka mitatu, mitano na minane anapolipa tiketi tatu zinazolingana, amelipia bustani tatu tofauti. Mkubwa ataingia karibu kila mahali. Wa kati ataishia kwenye vigari vidogo, farasi wa kuzunguka na puto la kurukia. Mdogo ataishia kwenye bwawa la kina cha goti na mchanga, vitu ambavyo kijijini kwa bibi havilipiwi.

Mstari wenyewe si uonevu. Mkanda na chuma cha kumzuia abiria vimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Mwili mdogo huchomoka chini yake mashine inapopinda au kusimama ghafla. Kijana wa mashine anayekataa anafanya kazi yake sawasawa. Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo halipendezi. Watu waliozoea mipaka wamezoea pia kwamba kila kizuizi kina bei yake, kwamba noti iliyokunjwa ndani ya kiganja hufungua geti. Wapo wazazi wanaojaribu noti hiyo kwa kijana wa mashine, au wanaomvalisha mtoto viatu vya soli nene, au wanaomwambia asimame kwa ncha za vidole. Noti hiyo haiongezi hata sentimita moja.

Lawama ya bustani ni kuificha rula ndani. Mzani wa soko hukaa mbele ya mnunuzi, na mwenye duka anayeuficha nyuma ya pazia huitwa jina lake halisi. Rula ya urefu inapaswa kuwa kwenye dirisha la tiketi, ikiwa na orodha ya mashine ambazo mtoto wa kila kimo ataruhusiwa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama aliyebeba mtoto na begi anaweza kuzisoma bila kuinama. Bei nayo ifuate kimo. Zipo bustani zinazofanya hivyo, zinazomwacha mtoto mdogo kabisa aingie bure au kwa bei ndogo, na hizo zisemwe vizuri katika vikundi vya simu vya wafanyabiashara, kwa kuwa sifa za huko huuza kuliko mabango. Zile zisizofanya, mzazi apige simu kabla ya kwenda na aulize swali moja tu: mtoto wa sentimita 100 atapanda vitu vingapi? Anayejibu kwa kusitasita amejibu.

Kuna jingine linalomuuma mteja wa ng'ambo kuliko mwenyeji. Baadhi ya bustani hazipokei fedha taslimu kwenye mashine. Zinauza kadi, mteja anaijaza fedha na kila mzunguko unakatwa humo. Jioni salio linabaki. Mwenyeji atarudi nalo mwezi ujao. Mama aliyetoka Mbale au Musoma hatarudi mwezi ujao, labda hatarudi mwaka huu, na dirishani anaambiwa kwamba salio halirudishwi. Ni fedha ndogo kwa mtu mmoja. Kwa wateja wengi ni mtaji ambao bustani imekopeshwa bila riba na watu ambao hawatakuja kuudai. Salio lirudishwe siku hiyo hiyo, na mpaka litakaporudishwa, mzazi ajaze kadi kidogo kidogo, hata kama foleni ya dirishani inachosha. Abebe pia fedha taslimu za nchi husika alizobadilisha kwenye duka halali la fedha, maana malipo ya simu ya nchi moja hayategemeki ng'ambo, na bei ya kubadilisha fedha kwa mtu wa mlangoni mwa bustani haina tofauti na ile ya vijana wa mpakani usiku.

Kabla ya geti la bustani, hata hivyo, lipo geti la uhamiaji, na hapo mtoto mdogo ndiye msafiri aliyesahaulika kuliko wote.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ikiahidi watu kwenda na kurudi kwa uhuru. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Vituo vya pamoja vya mpakani, Taveta na Holili tangu 2016, kisha Busia na Namanga 2018, vimepunguza foleni kwa kuwaweka maafisa wa pande mbili chini ya paa moja. Yote hayo ni mazuri na wafanyabiashara wameonja matunda yake. Lakini kitambulisho cha taifa hutolewa mtu akifikisha miaka 18 nchini Kenya na Tanzania, na 16 nchini Uganda. Mtoto wa miaka minne hana. Mama yake anavuka kwa kadi moja ya plastiki. Yeye anatakiwa awe na pasipoti yake au hati ya muda ya kusafiria, na siku hizi pasipoti ya mtoto haiandikwi tena ndani ya ile ya mzazi. Kwa familia ya watoto watatu, ada na safari za kwenda ofisi ya uhamiaji zinaweza kumaliza bajeti ya bembea kabla basi halijawashwa.

Linganisha na gunia. Kwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachogongwa muhuri mpakani. Linganisha na mtalii. Mgeni anayetoka mbali hulipa dola 100, akapata viza moja ya siku 90 kwa Kenya, Uganda na Rwanda. Maharage yana karatasi yake rahisi, mtalii ana yake, na mtoto wa mtu anayebeba maharage hayo bado anangoja.

Wapo watakaosema ugumu huo upo kwa sababu ya wizi wa watoto, na hoja yao ni nzito. Mipaka hii imepitisha watoto waliopelekwa kufanya kazi za ndani na kuombaomba katika miji ya watu, na afisa anayemuuliza mtoto jina la mama yake anastahili kushukuriwa, si kununiwa. Ndiyo maana karatasi inahitajika. Inayohitajika ni karatasi moja inayoeleweka: fomu ya pamoja ya mtoto wa chini ya miaka 16, inayojazwa mpakani kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, ikiwa na picha, tarehe ya kurudi na namba ya simu ya mzazi aliyebaki nyumbani. Mfumo wa namna hiyo humlinda mtoto kuliko hali ya sasa, ambapo familia iliyokata tamaa humpitisha kwa njia ya panya juu ya bodaboda, mahali ambapo hakuna anayeuliza jina la mtu. Mtoto aliyepita huko hayumo kwenye kitabu chochote. Akipotea upande wa pili, hakuna rekodi kwamba aliwahi kuvuka.

Hadi fomu hiyo ipatikane, mzazi abebe pasipoti au hati ya muda ya kila mtoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi mwenzake ikiwa anasafiri peke yake. Abebe pia kadi ya manjano. Wafanyabiashara wanazo zao, na wengi wanajua kwamba tangu Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano hutambulika maisha yote. Wanachosahau ni kwamba mtoto naye huulizwa yake. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi tisa, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Sindano ya Jumatatu haimvushi mtu Jumatano.

Likija suala la maji, maneno ya biashara yawekwe pembeni. Bustani nyingi za ukanda huu, hasa za miji ya joto, ni za maji, na maji ndiyo yanayowapendeza wadogo kuliko mashine yoyote. Shirika la Afya Duniani linawataja watoto wa mwaka mmoja hadi minne kuwa kundi linalokufa maji kwa kiwango kikubwa kuliko mengine. Mtoto wa umri huo anayezama hapigi kelele wala harushi mikono kama kwenye filamu. Huenda chini kimya, katika maji ambayo mtu mzima anaona hayazidi magoti, kwa muda usiozidi ule wa kupokea simu.

Na simu ndiyo hatari yenyewe. Mzazi aliyekuja bustanini mzigo wake ukiwa njiani hawezi kutopokea. Dereva anapiga kutoka mizani, wakala anapiga kutoka forodha akisema thamani imebishaniwa, mteja anapiga akitaka kujua kama rangi ya bluu imepatikana. Kila simu ina fedha ndani yake. Mlinzi wa bwawa yupo, lakini mlinzi mmoja ana mabwawa na watoto wengi. Hakuajiriwa kuwa mama wa mtu. Maboya ya mkononi ya kupuliza, yanayouzwa kwa rangi za kupendeza mlangoni, ni vitu vya kuchezea na hutoboka au kuchomoka. Jaketi okozi linalomkaa mtoto vizuri husaidia, ila nalo halichukui nafasi ya mkono wa mzazi ulio karibu kiasi cha kumfikia bila kupiga hatua. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuiweka siku ya mtoto kabla ya kununua. Mzazi ambaye hajanunua bado hana mzigo njiani, na asiye na mzigo njiani anaweza kumwachia simu mwenzake au kuizima hadi saa nane.

Hoja ya upande wa pili nayo husikika sana kwenye stendi: mtoto mdogo hakumbuki kitu, kwa nini kumwaga mtaji majini? Kwa wale wa chini ya miaka mitatu, hoja hiyo ina ukweli, na hakuna haja ya kuipinga kwa maneno matamu. Mtoto wa umri huo hajui tofauti ya tiketi ghali na ndoo ya maji. Mombasa atafurahi kwenye kivuko cha Likoni, ambako mwenda kwa miguu halipi chochote, na meli kubwa hupita karibu kama nyumba inayotembea. Atafurahi kuwaona kobe wakubwa wa Haller Park kule Bamburi, mahali ambapo kiboko yatima aliyeitwa Owen alihamia kwa kobe mzee baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kumfuata kama mama. Entebbe ina bustani yake ya wanyama kando ya ziwa. Mtoto aliyezaliwa mbali na pwani anatosheka na bahari yenyewe, na mchanga haupimi kimo cha mtu.

Kuanzia miaka minne mambo hubadilika. Huyo atakumbuka, na hatakumbuka mashine tu. Atakumbuka kama mama alikuwepo. Hapo fedha ya tiketi ina kazi, kwa sharti kwamba mzazi ameingia naye kwenye maji au amepanda naye kigari, hata kama magoti yanagusa kidevu.

Upande wa gharama, mfanyabiashara ana silaha ambayo mwenyeji hana: kalenda. Shule za Tanzania hufungwa kwa muda mrefu Juni, wakati watoto wa Kenya na Uganda kwa kawaida wako darasani. Agosti, Wakenya wakiwa likizo, watoto wa Tanzania wameshavaa sare. Mzazi wa Kisumu anayempeleka mtoto Dar es Salaam Jumanne ya Agosti anakuta foleni fupi na bwawa lisilo na msongamano, na mlinzi wa bwawa mwenye watoto wachache wa kuwaangalia. Mzazi wa Mwanza anayekwenda Nairobi Juni anapata hivyo hivyo. Desemba pekee ndiyo inayowakutanisha wote, na Desemba ni mwezi wa vurugu. Anayelazimika kwenda mwezi huo afike geti linapofunguliwa, aondoke baada ya chakula cha mchana watoto wakiwa bado wanacheka. Kukaa hadi jioni ili "kuimaliza tiketi" ni kuwalipisha watoto hesabu ya watu wazima.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, hasa vile vya akina mama vilivyojipatia dawati la taarifa kwenye vituo vya mpakani kwa kusumbua ofisi baada ya ofisi, vina nguvu ambayo havijaitumia hapa. Bustani hupunguza bei kwa makundi ya shule. Chama chenye wanachama 40 na watoto wao ni kundi kubwa kuliko darasa zima, kinaweza kuweka nafasi kwa siku ya katikati ya wiki, kikajadili bei kwa kimo, kikadai salio la kadi lirudishwe na kikaomba walinzi wa ziada bwawani. Kinaweza pia kupeleka suala la fomu ya mtoto kwenye vikao vya mpakani ambavyo hadi leo huzungumzia maharage, mayai na vitenge. Barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kituo, nakala kwa wizara za Afrika Mashariki za nchi zote mbili, inatosha kuanza.

Kwa wanaopanga safari ya Desemba, mambo mawili hayangoji barua hiyo. Maombi ya pasipoti na hati za watoto hurundikana ofisi za uhamiaji kadiri likizo inavyokaribia, kwa hiyo yapelekwe Oktoba. Na kadi ya manjano ya mtoto ikaguliwe leo kabatini, ili kama haipo, zile siku 10 zianze kuhesabiwa mapema.